Je, Muuza Silaha Hana Dhambi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Vijana wetu husikia habari za vita usiku na mchana, na katika kusikia kwao huuliza swali ambalo wazee hatuna budi kulijibu. Dola ikimuuzia silaha rafiki yake, na rafiki huyo akazitumia kuwaua wasio na hatia, je, dola iliyouza ina sehemu katika damu ile? Au imefanya biashara tu, kama afanyavyo muuza nguo? Hili ni swali la sheria ya dini kabla ya kuwa swali la siasa, nasi twataka kulieleza kwa mfano mmoja, nao ni wa nchi ya Yemen.

Yemen si nchi ya mbali kwa watu wa pwani hii. Kutoka Hadhramaut walikuja masharifu na mashekhe waliosomesha Lamu, Mombasa na Unguja, na wengi katika sisi tuna damu ya huko au elimu iliyotoka huko. Basi msiba wa Yemen si habari ya wageni kwetu.

Mwezi wa Machi 2015, Saudi Arabia pamoja na nchi kadha za Kiarabu ziliingia vitani ili kuirudisha serikali iliyoondolewa mjini Sanaa na Wahuthi. Ndege za Saudia zilizopiga huko zilikuwa F-15 zilizotengenezwa Marekani, na Typhoon na Tornado zilizotoka Uingereza. Biashara hiyo haikuanza jana: mkataba mkubwa wa Uingereza na Saudia uitwao Al-Yamamah ni wa tangu 1985. Tarehe 8 Oktoba 2016 ndege zilipiga ukumbi wa matanga mjini Sanaa, wakafa watu zaidi ya 140 waliokwenda kutoa taazia. Tarehe 9 Agosti 2018 likapigwa basi lililochukua watoto huko Dahyan, katika jimbo la Saada. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitaja waliokufa kuwa 51, na 40 katika hao walikuwa watoto. Wataalamu walioviona vipande vya bomu lile walisema limetengenezwa Marekani. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, wenye kupiga wakakiri kuwa palitokea makosa. Nalo Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa likakadiria kuwa hadi mwisho wa 2021 vita hivyo vingekuwa vimekwisha kuwaua watu 377,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, maradhi na kukosa maji safi.

Insafu yatutaka tuseme na ya upande wa pili. Wahuthi nao walitega mabomu ya ardhini na kupiga miji yenye raia, na Iran imewapelekea silaha ingawa Baraza la Usalama lilikataza jambo hilo tangu Aprili 2015. Hukumu tutakayoitaja hapa chini yawahusu wote, wala haichagui Mzungu wala Mwarabu wala Mwajemi.

Sasa na tuitazame sheria. Imam Bukhari, katika mlango wa biashara wa Sahihi yake, ameweka faslu juu ya kuuza silaha wakati wa fitna, na humo amemtaja sahaba Imran bin Husayn (r.a.) kuwa alichukia kuziuza wakati kama huo. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu wakijuacho wanafunzi wetu wa madhehebu ya Shafi, amehesabu katika mauzo yaliyokatazwa kumuuzia zabibu yule azikamuaye kuwa mvinyo. Wenye kukisherehi kitabu hicho wakabainisha: muuzaji akijua, au akidhani kwa nguvu, kuwa mnunuzi atafanya maasi, kuuza ni haramu, akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Wanazuoni wa Kihanafi walikuwa wepesi zaidi katika jambo la zabibu, lakini katika silaha walikaza, na hoja yao ni nzuri. Walisema kwamba maji ya zabibu hayawi maasi mpaka yageuke yawe kitu kingine, ama silaha haigeuki: ile ile iliyotoka dukani ndiyo iuayo.

Kwa hiyo neno ambalo hukumu yote yalizunguka ni kujua. Hatusemi kuwa kila kuuza silaha ni haramu. Nchi ina haki ya kujilinda, na rafiki yake aweza kumsaidia. Novemba 2017 Wahuthi walirusha kombora hadi Riyadh, na Januari 2022 waliishambulia Abu Dhabi wakafa watu 3. Mwenye kuuza chombo cha kuzuia kombora lisiangukie nyumba za watu hafanani na mwenye kuuza bomu, huku akijua kwamba bomu la jana kama hilo liliangukia matanga.

Wauzaji wana nyudhuru zao, na yafaa tuzipime moja moja. Udhuru wa kwanza ni kusema, "Hatukujua." Juni 2019 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kuwa serikali ilikwenda kinyume cha sheria, kwa sababu ilitoa vibali vya kuiuzia Saudia silaha bila ya kupima kama mashambulizi yaliyopita yalivunja sheria za vita. Vibali vipya vikasimamishwa. Julai 2020 serikali ikasema kuwa yaliyotokea ni matukio ya mbalimbali yasiyofuatana kwa mpango, ikaanza kutoa vibali tena. Na kesi ya pili ikashindwa Juni 2023. Mahakama zina sheria zao, nasi hatuzihukumu. Lakini maana ya ile hukumu ya 2019 ni maana ambayo mwanafunzi wa fiqhi aijua: aliyefumba macho makusudi asijue hawi sawa na asiyejua. Hata Mkataba wa Biashara ya Silaha wa 2013, ulioanza kutumika Desemba 2014, wamkataza muuzaji kutoa kibali ikiwa ajua wakati huo kuwa silaha zitatumiwa kuwapiga raia.

Udhuru wa pili husema, "Tusipouza sisi, atauza mwingine." Huo ndio usemi wa mwizi aonaye mlango u wazi. Kila nafsi itaulizwa kwa iliyochuma, wala haitaulizwa kwa ambayo jirani angalichuma. Na wapo waliofahamu hivyo ingawa si Waislamu. Mei 2019 makuli wa bandari ya Genoa, nchini Italia, walikataa kuipakia meli ya Saudia shehena waliyoiona kuwa ya kijeshi. Januari 2021 serikali ya Italia ikavifuta vibali vya kuuza mabomu kwa Saudia na Falme za Kiarabu. Sisi tuliofundishwa kwamba katika pombe hakulaaniwa mnywaji peke yake, bali na akamuaye, auzaye na achukuaye, twapaswa kuwa wa kwanza kufahamu kazi ya mchukuzi ni nini.

Udhuru wa tatu ni riziki: viwanda vikifungwa, mafundi watakosa kazi. Huu twauhurumia, maana baba mwenye watoto hana raha akikosa mshahara. Lakini ni juu ya serikali yenye mali kuwatafutia mafundi wake kazi nyingine. Haifai watoto wa nchi moja wale kwa kuwa watoto wa nchi nyingine wamezikwa.

Udhuru wa nne ndio mzito kuliko yote, nao ni urafiki: "Huyu ni mwenzetu, hatuwezi kumwacha." Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha tumsaidie ndugu yetu akiwa mdhulumiwa na akiwa dhalimu, na alipoulizwa huyo dhalimu asaidiwe vipi, akajibu kuwa azuiwe dhuluma yake. Basi urafiki hauondoi wajibu wa kumzuia mtu, bali wauzidisha. Na uwezo wa kuzuia upo. Ndege za vita hazidumu angani bila ya vipuri na mafundi, na mafundi wa kampuni ya Kiingereza walikuwako Saudia kwenyewe wakizitengeneza zile ndege. Marekani ilizuia baadhi ya mabomu Desemba 2016 baada ya msiba wa ule ukumbi, ikayaachia 2017. Ikazuia tena 2021, ikaachia tena Agosti 2024. Mwenye kuweza kufunga na kufungua hawezi kusema kuwa ufunguo haumo mkononi mwake.

Lakini, ndugu zetu, tusijidanganye kwa kuwalaumu wauzaji wa Ulaya na Amerika peke yao. Katika vita hivi mnunuzi alikuwa Mwislamu, aliyepiga Mwislamu, na aliyezikwa Mwislamu. Surat al-Hujurat, aya ya 9, yatuamrisha tuwapatanishe waumini wanapopigana, na kama upande mmoja ukiendelea kudhulumu, tuuzuie mpaka urejee, kisha tupatanishe kwa uadilifu. Haikutuamrisha kuwasha moto na kuuchochea. Aprili 2022 pande hizo zilipokubali kusimamisha vita kwa miezi 2, ilionekana kuwa hata mabomu yaweza kunyamaza wakubwa wakitaka. Hesabu ya waliokufa kabla ya siku hiyo ni deni, na Mwenye kudai ni Yule asiyesahau.

Wazazi, someni jambo hili pamoja na watoto wenu, na waonyesheni kwamba hukumu hii haiko mbali na nyumba zetu. Muuza duka ajiwaye na mtu atwetaye kwa hasira, ametoka kugombana sasa hivi, naye ataka panga, asimuuzie hata akilipa mara mbili. Kijana ampaye mwenzake jiwe, naye aona limekusudiwa kichwa cha nani, asiseme, "Mimi sikutupa." Mwenye kupeleka maneno baina ya majirani wawili, akijua yatawapiganisha, naye amegawa silaha. Mtoto aliyelelewa juu ya jambo hili katika vitu vidogo, siku moja akikaa katika kiti cha serikali na kuletewa kibali atie saini, atauliza kwanza: chombo hiki kinakwenda kwa nani, naye amefanya nini na kile tulichompa mwanzo?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa Yemen, awape subira waliobakia, na atuepushe na kusaidiana katika dhambi na uadui. Amin. Wallahu aalam.