Asomeshwe na Mchumba au na Bodi?

Mwezi huu nina ishu ya binti wa Hanang, jina lake ninalo. Amepata nafasi ya diploma ya uuguzi, ila ada hakuna: mifugo ya baba yake ilisombwa na matope ya mlima Hanang, Desemba 3, 2023. Kajitokeza kaka mmoja mwenye duka la pembejeo. Atalipa miaka yote mitatu, lakini pete ivaliwe kwanza. Wazazi roho kwatu. Yeye ananiuliza, "Anti, nikikubali halafu moyo ukakataa?"

Mdogo wangu, hilo neno "nimekusomesha" nalijua vizuri. Likitamkwa kwenye ugomvi wa kwanza, huna pa kujibia. Wapo wanaume waungwana, sikatai, lakini muungwana haweki pete kuwa sharti la ada.

Sasa sikia. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa miaka mingi tuliijua kuwa ya watu wa vyuo vikuu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 inakopesha pia wa diploma kwenye fani za kipaumbele, na baadhi ya kozi za afya zimo, ila hakikisha kwanza kama uuguzi umo. Kwa mabinti wa Katesh, Dongobesh na Haydom hilo si jambo dogo, ila wangapi wameambiwa?

Tusidanganyane, si pesa ya bure. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara, ingawa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Ya bure ni Samia Skolashipu, nayo ni ya waliong'ara sayansi kidato cha sita. Wewe umetoka kidato cha nne. Lakini Bodi haitakuuliza ulikuwa wapi saa tatu usiku, wala haitapekua simu yako.

Cheti cha kuzaliwa kama kilikwenda na tope, RITA wanatoa nakala. Kama kaya yenu iko TASAF, jaza, usione aibu. Mkopo unaangalia uhitaji. Huenda usipate ada yote, hapo ndipo wajomba waitwe kikao. Na wahi, dirisha la maombi halisubiri posa.

Huyo kaka mwambie asubiri umalize chuo. Akinuna, niandikie.