Tela Likitikisa Mkia

Desemba ikikaribia nawe ukanuia kufunga tela nyuma ya Pajero ya familia ili umpelekee mama saruji kule Busia, angalia kwanza mzigo umekaa wapi.

Mwaka juzi shemeji yangu alipakia mifuko 10 ya saruji mbele, halafu mashine ya kusagia mahindi, ambayo ni nzito ajabu, akaisukuma mwisho kabisa. Tulipopita Sega, gari likiwa limeshika kasi, tela likaanza kutupa mkia huku na huku. Gari nalo likafuata. Watoto wakapiga mayowe. Shemeji akakanyaga breki, na lo! Nusura tukutane uso kwa uso na lori lililotoka Uganda.

Hapo breki ya ghafla ndiyo adui. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, mwendo upungue wenyewe.

Bumala tulisimama, vijana wa sokoni wakatushushia kila kitu tukapanga upya. Uzito mwingi ukae mbele kidogo ya magurudumu ya tela, hata ndoano ya gari ibebe kama asilimia 10: tela la kilo 1,000 liilalie kwa kilo 100 hivi. Ukizidisha mno, gari hukaa kitako na usukani huwa mwepesi. Na ile minyororo ya usalama ifunge. (Yetu ilikuwa imeachwa nyumbani, aibu iliyoje!)

Tulifika saa tatu usiku. Mama alimulika tela kwa taa, akauliza ni nani aliyempasulia saruji yake.