Masika, Kwaresima na Daftari la Jumuiya



Jina la Kiingereza la Kwaresima latokana na neno la kale lililotaja majira ya kuchipua, pale Ulaya inapotoka katika baridi na siku zinapoanza kurefuka. Ndiyo maana vitabu vingi vya tafakari vilivyotafsiriwa kutoka huko huizungumzia Pasaka kwa lugha ya theluji na maua. Sisi wa Tanga hatuna theluji ya kuyeyuka. Tunayo masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua hunyesha, udongo hulainika, na waamini wanaokaa Makorora lakini wanalima Pongwe au Muheza huigawa kaya sehemu mbili: baba au mama huenda kulala shambani, watoto hubaki mjini na bibi yao ili wasikose shule. Akiba ya mwaka uliopita huwa imekwisha, na mahindi yanayopandwa sasa hayataliwa kesho. Mwenye mihogo husonga bada. Asiye nayo humtazama jirani.

Hivyo Kwaresima yetu huja wakati ambapo wengi tayari wanafunga bila kupenda.

Miaka hii limeongezeka jambo jingine. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, nao huchukua miaka kama 33 kuyazunguka majira yote. Mwaka 2023 na mwaka 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Mwaka 2025 Ramadhani iliitangulia Jumatano ya Majivu kwa siku chache tu. Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1992 nao funga hizo mbili zilianza karibu siku moja. Katika mtaa kama huu, ambako Mkristo na Mwislamu hutenganishwa na ukuta mmoja tu, sahani ya futari huvuka uchochoro jioni wala haiulizi dini ya anayeipokea.

Twayataja hayo kwa kuwa tunataka kusema neno juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika nchi zetu. Wazo lilikuwa jepesi: Kanisa liwe jirani. Watu wa nyumba zinazofahamiana wakusanyike, wasome Neno, wajue nani anaumwa na nani amelala na njaa. Kwa Watanzania halikuwa wazo geni, maana tulikwisha kuwazoea mabalozi wa nyumba kumi.

Leo, tuseme ukweli, jumuiya nyingi zimekuwa dirisha la kupokelea fedha. Neno la Mungu husomwa kwa dakika kumi, kisha daftari hufunguliwa: zaka, ujenzi, kutegemeza jimbo, sare ya kwaya, zawadi ya mgeni. Hatuidharau michango. Kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa yawataka waamini wasaidie mahitaji ya Kanisa, na bati la kanisa halishuki kutoka mbinguni. Lakini katika nchi yetu tunasikia, hapa na pale, kauli inayotutia simanzi: huyu hakuwa akichangia, jumuiya haitamzika.

Imetoka wapi kauli hiyo? Haikutoka katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 1184 yawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioiasi imani kwa wazi, wazushi na wenye kufarakana na Kanisa, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Mwenye deni la jumuiya hayumo. Tena, shaka ikizuka, mwenye kuulizwa ni mwenye mamlaka wa Kanisa mahali pale, wala si mtunza hazina. Na Kanuni ya 1181, inapozungumzia sadaka za mazishi, yaonya kwamba pasiwe na upendeleo, na maskini wasikose mazishi yanayowastahili.

Viongozi wa jumuiya wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Wanasema wapo watu wenye uwezo ambao hatuwaoni kamwe, kisha ndugu zao wanakuja mbio siku ya msiba wakidai turubai, kwaya na padre. Ni kweli, wapo. Mtu wa namna hiyo aendewe nyumbani akiwa hai, aambiwe uso kwa uso. Kumwadhibu maiti ni kuwaadhibu mjane na watoto, ambao pengine ndio waliokuwa wakija.

Tazameni pia msiba wetu unavyoonekana barabarani. Jirani Mwislamu ameleta majamvi na sufuria, vijana wa mtaa wamebeba majembe, na wanajumuiya wamesimama pembeni wakihesabu miezi. Waislamu wenyewe, katika maziko yao, hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu awaone wafiwa. Deni halifutwi, lakini mtu anazikwa. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, wajane wa upande mmoja walipokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuisimamia huduma hiyo. Habari ile haisemi kwamba wajane waliulizwa kwanza walichangia nini.

Pendekezo letu ni la kawaida sana. Michango yote isiyo ya lazima isubiri hadi Agosti, wakulima wakiwa wamevuna. Tangu Machi hadi Mei jumuiya ikusanye chakula na mbegu, kila mwenye navyo kwa kadiri yake, na vitu hivyo visiishie kwa Wakristo peke yao. Mjane au mgonjwa mwenye shamba asaidiwe palizi kwa zamu. Jumamosi mbili zatosha. Wajibu wa kujua ni nani mwenye haja tunauacha kwa akina mama wa jumuiya, ambao hujua tangu asubuhi ni jiko la nani halikutoa moshi.

Wenyeviti wa jumuiya tutakutana baada ya Misa ya pili, Dominika ijayo. Madaftari yabaki nyumbani. Njooni na majina ya wenye mashamba yasiyopaliliwa.