MAPAFU MAPYA? KWANZA MTUNGI WA KIUYU!

Kijana mwenzangu uliyekaa maskani Michenzani, au unayehangaika na wateja Kariakoo huku roho yako iko Pemba, hebu weka kikombe cha kahawa chini unisikilize. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Machi 2018 wakafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Waliofanya kazi ni madaktari na wauguzi, nao wana haki ya kupongezwa. Lakini makofi yalichukuliwa na nani? Unawajua. Basi jitayarishe, maana baada ya figo kutakuja mapafu. Siku moja utamsikia kigogo katika shati la kijani akitangaza kwamba na sisi tutapandikiza mapafu. Utepe utakatwa, msewe utachezwa, na kamera zitajaa uwanjani.

Nakuomba siku hiyo usipige makofi mpaka umeuliza habari za kesho yake.

Kwa nini? Sikiliza kisa. Pafu la kwanza kupandikizwa kwa binadamu lilipandikizwa na Daktari James Hardy, Mississippi, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa alikuwa mfungwa. Alikata siku 18, akafa. Wakajaribu wengine, mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walizikwa mapema. Ikachukua miaka 20, mpaka 1983, ndipo timu ya Joel Cooper kule Toronto, Kanada, ikapata mgonjwa aliyeishi miaka sita na ushei. Zingatia hapo, yakhe. Kukata na kushona walikujua tangu 1963. Kilichowashinda ni yanayofuata: mwili kulikataa pafu la mwenzio, vijidudu kuingia kwa kila pumzi, kidonda cha ndani kutofunga. Walichokipata baadaye ni dawa bora za kuutuliza mwili na subira ya kumfuata mgonjwa siku hadi siku. Upasuaji ni saa chache, na siku zote zilizobaki ni matunzo.

Sasa tuulizane, sisi katika matunzo tuna rekodi gani?

Waya wa umeme wa chini ya bahari ulioletwa Unguja mwaka 1980 ulisherehekewa kweli kweli. Mei 2008 umeme ukakatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii miezi mitatu, watu wanachota maji kwa ndoo mjini, biashara zimelala. Pemba nayo ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo ilikuwa ikiishi kwa majenereta. Haya si mambo ya kale, wengi wenu mliyaona kwa macho yenu. Mashine ya kupumulia haiwezi kusubiri miezi mitatu. Haiwezi kusubiri hata dakika tano.

Na pafu lenyewe litatoka wapi? Figo unaweza kupewa na ndugu yako, yeye akabaki na moja akaishi, na ndivyo ilivyofanyika Muhimbili na Dodoma. Pafu si hivyo. Kwa kawaida hutolewa kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine. Hapo unahitaji chumba cha mahututi kinachofanya kazi usiku na mchana, sheria iliyo wazi, na familia inayomwamini daktari hata katika saa ile ya kilio. Asitokee mtu akakwambia dini imefunga mlango: Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Amman mwaka 1986 likakubali kwamba ubongo ukifa kabisa mtu huyo amekufa. Tatizo ni kuaminiana. Na pafu likishatolewa hukaa kwenye baridi saa sita hadi nane hivi, basi. Wewe uko Kiuyu, upepo umechafuka, boti haiondoki. Saa sita zinakwisha umesimama ufukweni.

Tuseme umefika, umeshonwa, umepona. Kuanzia hapo unameza dawa za kuzuia mwili kukataa pafu kila siku mpaka unaingia kaburini, na damu yako inapimwa mara kwa mara, maana dawa ikizidi inaua figo na ikipungua pafu linakwenda. Hata huko kwa matajiri, nusu ya wagonjwa hawa huishi miaka sita hivi au kupita kidogo. Zanzibar tuna Mfuko wa Huduma za Afya tangu 2023. Je, utalipa dawa hizo miaka yote, au mwaka wa pili utaambiwa ukanunue nje?

Nina uchungu na jambo hili, sikufichi. Ami yangu mmoja alipiga kokoto Micheweni maisha yake yote, jua linawaka, vumbi linaingia kifuani, jioni anarudi kwenye moshi wa kuni. Ilipofika siku ya kushindwa kupumua tulimpeleka hospitali moja, jina nalificha. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, umepakwa rangi nzuri, na ndani yake hakuna kitu. Muuguzi alilia kuliko sisi. Mzee yule hakuhitaji pafu jipya, alihitaji hewa ya usiku mmoja.

Na ulipofika Uviko, ugonjwa wa mapafu huo, serikali ya Muungano ilifanya nini? Mei 2020 hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikasimama hapo hapo zaidi ya mwaka, kana kwamba maradhi yamepewa likizo. Mwanzoni mwa 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kikasema wazi kwamba ameambukizwa. Alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Muhimbili, tukaenda kumzika kwao Mtambwe. Serikali inayoficha idadi ya wanaokosa pumzi itaaminiwa vipi na orodha ya wanaosubiri mapafu? Nani atakuwa wa kwanza kwenye orodha hiyo, mpiga kokoto au mtoto wa kigogo?

Wapo watakaosema napinga maendeleo. Sipingi. Afrika Kusini wanapandikiza mapafu, na siku moja nasi tufike, tena na mtu wa Pemba awemo. Hospitali 10 za wilaya zilizojengwa Zanzibar kwa fedha za Uviko ni msingi, ukuta upo. Nataka hewa ndani ya ukuta.

Kwa hiyo ukienda kwenu Idi ijayo, usiishie kula biriani. Pita kituo cha afya cha Kiuyu, msalimie muuguzi kwa adabu, umuulize mtungi uko wapi, umejaa au mtupu, ulijazwa lini, na umeme ukikatika inakuwaje. Andika majibu kwenye simu yako na tarehe. Halafu vuka mpaka hospitali ya Micheweni uulize yale yale. Wakija Konde kuomba kura 2030 na hadithi ya mapafu, simama uwasomee.