Kukimbia Eldoret si lazima uwe na meneja

Ukianza kukimbia asubuhi hapa Eldoret, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Meneja wako ni nani?" Mimi niliulizwa na mlinzi wa ploti yetu Langas, siku ya tatu tu, nikihema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Nikamwambia sina. Akanitazama kuanzia kichwani hadi tumboni, hasa tumboni, akafungua geti bila kuongeza neno.

Hilo swali ndilo linatumaliza. Tunaishi mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa ambayo wageni hupanda ndege kuifuata. Eliud Kipchoge anafanyia mazoezi Kaptagat, si mbali na hapa. Oktoba 12, 2019 alipomaliza marathoni kule Vienna kwa saa 1:59:40, tulijazana mjini mbele ya skrini tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Kisha tukaenda kula chipo. Kwetu mbio ni kazi ya wenye kipaji, ya kutafuta viza, shamba na gari kubwa. Wewe usiye na kipaji, kaa.

Nami nilikaa. Nina miaka 27, nauza simu mjini. Siku yangu ilikuwa matatu, kiti, chai na mandazi matatu, smokie mchana, soda, matatu tena, kitanda. Mwaka jana wahudumu wa afya waliweka hema karibu na soko wakipima presha bure. Niliingia kwa mzaha tu na beshte yangu. Mashine ikasoma 148 kwa 96. Muuguzi alirudia mara mbili, kisha akaniuliza umri wangu upya. Mamangu anameza dawa za presha na za kisukari, kwa hivyo bei ya hizo dawa naijua kuliko bei ya simu ninazouza. Na sikuwa nahisi chochote. Presha haibishi hodi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa, siku tano, na kutembea kwa kasi kunahesabika. Nilianza kwa kushuka matatu mapema na kumalizia kwa miguu. Kukimbia kulikuja baadaye, polepole sana.

Chakula nacho tunakiogopa bure. Wasee hudhani kula vizuri ni mambo ya Elgon View, saladi na juisi za bei. Wanariadha kambini wanakula ugali, mboga za kienyeji, maharagwe na maziwa. Hicho ni chakula cha nyanyangu! Chipo na soda vilikuwa vinanila pesa zaidi. (Chumvi bado inanishinda, nakiri.)

Baada ya miezi minane presha yangu ilisoma 128 kwa 82. Tumbo lingalipo, limepungua tu. Kilichonishangaza ni usingizi: nalala hadi asubuhi, na sizozani na wateja kama zamani.

Lakini tusiseme kila asiyefanya mazoezi ni mvivu. Dada yangu alijaribu kukimbia nami akaacha, maana vijana wa boda walikuwa wanampigia miluzi, na saa kumi na moja alfajiri kungali giza. Mitaa yetu mingi haina njia ya miguu, ni mtaro na matope. Tumekuwa jiji tangu Agosti 2024. Basi viongozi watujengee mahali pa kutembea na taa, na nyinyi wa boda muwaache dada zetu wapite.

Juzi jioni mama mboga wetu naye aliniuliza nafanyia mazoezi mbio gani. Nikamwambia za kuwahi managu yake kabla hayajaisha. Alicheka hadi akaniongezea fungu la bure.