Hati Zetu Zimezaa Nini?

Chuo kikuu kinachohifadhi miswada na nyaraka za kale hakiwezi kutosheka na lile daftari la mlangoni ambamo kila mgeni huandika jina lake, tarehe, na nambari ya hati aliyoiomba. Kwani daftari hilo hueleza nani ameingia, lakini halisemi aliondoka na elimu gani, wala elimu hiyo imewafikia akina nani.

Zingatia, msomaji, safari ya tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kwa watu waliozihifadhi vifuani, akazinakili kwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya mmishonari W. E. Taylor, karatasi za Taylor zikaishia katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London, kutokana na hizo William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, kisha, mwaka 1979, Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya malenga huyo, ambacho hata leo mwanafunzi wa ushairi wetu hana budi kukipitia. Katika daftari la mlangoni, Hichens na Abdulaziz ni wasomaji wawili tu! Tumeweza kuifuata njia yote hiyo kwa sababu waandishi walitaja walikochota.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina hazina yake ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo J. W. T. Allen aliitungia orodha iliyochapishwa Leiden mwaka 1970, kila mswada ukapewa nambari yake. Mtafiti akinukuu mswada, kisha katika tanbihi akaandika jina la maktaba pasipo nambari, huwa ameufuta unyayo wake mwenyewe, na mhifadhi anayetaka kujua karatasi ipi ipigwe picha mapema kabla wino haujafifia, au anayeomba fedha za kununulia makasha, hubaki hana hoja ya kuwaonyesha wakubwa.

Lakini katika kuhesabu matumizi ya hati pana hatari, nami naiogopa kuliko uzembe wa tanbihi. Hati ambayo haijaombwa kwa miaka mingi si lazima iwe haina thamani; aghalabu haimo katika orodha, au imeelezwa kwa neno moja lisilomvuta mtu, au imeandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo wasomi wetu wengi hawafundishwi tena kuzisoma. Hesabu ya matumizi ikifanywa hukumu ya kutupa, itawaadhibu waandishi wa kale kwa ujinga wetu sisi. Kadhalika, majina ya wasomaji ni amana: anayechunguza mizozo ya ardhi au siasa asije akaulizwa na mtu yeyote kwa nini aliomba faili fulani.

Wapo pia wenye haki ya kwanza kabisa, nao ni jamaa za wale waliozitoa hati hizo majumbani mwao, ambao wanastahiki kupewa habari kwamba mswada wa babu yao umesomwa na umezaa kitabu.

Basi nawasihi watafiti wetu, wakubwa kwa wadogo: andikeni nambari kamili ya kila hati mliyoitumia, na kazi ikichapishwa, pelekeni nakala moja kwa mhifadhi aliyewafungulia kabati.