Jasho la Aliye Chini ya Miaka 25

Mzazi amwelezeje bintiye wa miaka 24 kwamba jasho lake ni rahisi kuliko la mwenzake wa miaka 25, hali kazi yao ni moja? Wazazi wa Ugiriki walilikabili swali hilo mwaka 2012.

Hapo awali kima cha chini cha mshahara nchini humo kilitokana na mkataba wa hali bora baina ya wafanyakazi na waajiri. Mkataba wa 2010 ulikuwa ungali hai. Lakini wakopeshaji, likiwamo Shirika la Fedha la Kimataifa, walitaka mishahara ishuke. Februari 2012 serikali ikakipunguza kima hicho kwa amri, kutoka euro 751 kwa mwezi hadi 586. Kwa walio chini ya miaka 25, euro 511. Ajabu ni kwamba waajiri wenyewe walikwisha kukubaliana na wafanyakazi kuwa kima kisiguswe! Hilo ndilo soko huria tunalohubiriwa?

Novemba mwaka huo sheria ikaihamishia serikali kazi ya kupanga kima hicho. Ubaguzi wa umri ulifutwa mwaka 2019. Mdogo wa binti yule, aliyekuwa shuleni mwaka 2012, naye aliukuta kazini.